Upande wa Kushoto wa Deraya

Waliohudhuria Jumamosi ile uani kwa Ignace, mtaani Bertrams, katika mji wa ugenini kusini mwa Afrika, walikuwa hawa: Ignace mwenye nyumba, fundi wa kunyoosha bodi za magari, mtu wa Bukavu; Gaëlle, msusi wa nywele, mzaliwa wa Lubumbashi; Évariste, mlinzi wa jengo moja la ofisi kule Marshalltown, ambaye ndiye angevaa vazi walilokuwa wakilitengeneza; Bakiri, mfanyabiashara wa vipuri kutoka Dar es Salaam, mwenyekiti wa kikundi; na Zubeda wa Tanga, muuza vitambaa, mjane wa Muhammad, aliyetoka edani majuma machache yaliyopita.

Bakiri aliyasoma majina hayo kwa sauti kama ilivyokuwa desturi yake, ingawa uani pale hapakuwa na mtu asiyeonekana. Évariste aliitikia kwa sauti ya askari mbele ya kamanda, akamkumbusha mwenyekiti asilisahau na lile jiko la mkaa, maana nalo lilihudhuria kila wiki bila kukosa. Bakiri hakucheka. Jina la Muhammad, ambalo zamani lilifuata lake, alilipita kama mtu anayevuka dimbwi kwa adabu, pindo la kanzu mkononi. Zubeda aliliona pengo hilo, akalinyamazia.

Kikundi hicho hakikuundwa kwa ajili ya riziki. Kila mmoja wao alikuwa na kazi ya kumlisha, na Jumamosi waliiweka kwa ajili ya kazi isiyolisha mtu: kutengeneza upya mavazi ya vita ya kale, ya namna walivyovaa wapanda farasi wa Ulaya karne nyingi zilizopita. Walitengeneza dirii, yaani bamba la chuma la kukinga kifua. Koti nene lililojazwa pamba, la kuvaliwa ndani. Na deraya, vazi lililosukwa kwa pete ndogo za chuma, maelfu kwa maelfu, kila pete ikizishika pete nne jirani zake. Waliosikia habari zao kwa mara ya kwanza waliuliza vitu hivyo vitamfaa nani katika mji huu. Ignace alikuwa na jibu moja kwa wote. Wiki nzima, alisema, ananyoosha kile ambacho wengine wamekikunja. Jumamosi anataka kukunja kitu kwa hiari yake.

Mambo yalikuwa yameanza kwa ajali ya heri. Mteja mmoja alileta gari lililobonyea mlango, na ndani ya buti mlikuwa na dirii iliyobonyea vilevile, kwa kuwa mteja huyo alikuwa na mchezo wa kupigana kwa panga butu siku za mapumziko. Ignace akainyoosha dirii kwanza, mlango baadaye. Muhammad, aliyekuwa pale akisubiri pikapu yake itoke, alikaa akitazama hadi akasahau alikokuwa akienda. Walipoalikwa na mteja yule kwenye maonyesho ya kila mwaka, katika uwanja mmoja wa nje ya mji upande wa kaskazini, walikwenda wakiwa watazamaji na kurudi wakiwa mafundi.

Muhammad alijichagulia pete. Alikuwa akisema kwamba kusuka deraya ni kazi ya Nabii Daudi, aliyelainishiwa chuma mikononi, na kwamba yeye, ambaye hakulainishiwa kitu, atahitaji koleo mbili. Aliviringisha waya kwenye nondo nyembamba, akaukata kwa msumeno mdogo, pete zikadondoka ndani ya kopo la biskuti. Kwa kuwa deraya nzima ni mzigo wa kumtoa mtu jasho kwenye ngazi, na wasukaji wote wawili waliishi ghorofani, ilikubaliwa isukwe nusu kwa nusu: Gaëlle asuke upande wa kulia nyumbani kwake, Muhammad asuke upande wa kushoto nyumbani kwake Joubert Park, kisha nusu mbili ziunganishwe kifuani na mgongoni. Muhammad alikuwa amemaliza mkanda mmoja tu, mrefu, wenye upana wa kiganja, moyo wake uliposimama dukani kwa mkewe, katikati ya sentensi ya kawaida kabisa kuhusu bei ya mapazia.

Mwanamke aliye edani hatoki nje bila dharura, wala hajipambi. Mikono yake, hata hivyo, haikukatazwa kazi. Kopo la biskuti lilikaa juu ya friji, na kila alipofungua friji pete zilitikisika kidogo, kama mtu anayesafisha koo kabla ya kusema. Mwanzoni Zubeda alinuia kumpelekea Bakiri lile kopo. Siku alipolifungua, harufu ya chuma na mafuta ilimjia puani, nayo ilikuwa harufu ya vidole vya mumewe. Akachukua koleo mbili, akajaribu pete moja. Ikafungika.

Hakufundishwa na mtu. Alikuwa amemwona Muhammad, na alikuwa na ujuzi mwingine wa zamani zaidi. Utotoni Tanga, bibi yake alimfundisha kusuka ukindu: kwanza ukili mmoja, mkanda mrefu wa majani yaliyosukwa, kisha ukili wa pili, kisha wa tatu, hatimaye kili zote zinashonwa ubavu kwa ubavu mpaka mkeka uenee sakafuni. Basi aliutundika mkanda wa Muhammad mlangoni, ukaning'inia wima, akasuka mkanda wa pili kando yake, na wa tatu kando ya huo. Alikuwa na mkono safi. Pete zake zilifungwa kikamilifu, ncha kwa ncha, hata ukipitisha kidole huoni palipokatwa. Kazi ile ilimshika akili isimwagike. Siku eda ilipokwisha, upande wa kushoto ulikuwa umekwisha pia, nao ulijaza mfuko mzima wa shangazi kaja, mfuko ambao Bakiri alihitaji kupumzika mara kadhaa alipoushusha kwenye ngazi asubuhi ya Jumamosi hii.

Siku hiyo Zubeda alitaka jambo moja tu. Alitaka nusu yake ipokelewe kama kazi ya fundi miongoni mwa mafundi. Machozi yalikuwa yamepewa mahali pake, na rambirambi alishapokea za kutosha. Hakuja Bertrams kuomba nyingine. Jumamosi iliyofuata ilikuwa ya maonyesho. Évariste angeingia ulingoni na deraya kamili, na watu wangeitazama bila kujua nusu ipi ilisukwa na mjane na ipi haikusukwa na mjane. Hilo ndilo alilokuwa akilisubiri tangu pete ya kwanza.

Nusu mbili zililazwa mezani, chini ya turubai. Zikiwa zimelala hivyo zilikuwa mapacha, urefu mmoja na upana mmoja, na Zubeda alijisikia furaha ambayo hakuionyesha. Yeye na Gaëlle waliketi wakitazamana, wakaanza kufunga pete za kiungo, mmoja kutoka shingoni, mwingine kutoka pindoni. Saluni nzima inajua kwamba Gaëlle husuka maneno mengi kuliko nywele. Siku hiyo alisuka kimya. Aliuliza habari za duka, akajibiwa. Akasifu chai ya Jeanne, mke wa Ignace, ambayo hakuwa ameinywa. Akarudi kwenye pete zake. Zubeda alidhani ni uchovu wa Ijumaa, siku ambayo wateja wa kusuka hujipanga mpaka ngazini.

Kiungo kilipokamilika, Évariste alivaa koti la pamba, akainua mikono juu, akainama, na wenzake wakamtelezeshea deraya kichwani. Upande wa kulia ulimshuka kama maji, ukamkumbatia ubavu, ukatulia pajani. Upande wa kushoto ulishuka pia, ila haukutulia. Ulizidi kwenda chini, pete zikiachana na kuacha vijitundu vya kuona koti, mpaka pindo likapita goti. Ignace alimwambia avute pumzi. Alipovuta, upande wa kulia ulitanuka pamoja naye. Wa kushoto ulikataa, na shingo yote ya vazi ikavutwa upande, ikamkaba.

"Eish," alisema Évariste, akijitazama. "Huku mimi ni askari. Huku mimi ni pazia."

Hakuna aliyepata nafasi ya kucheka, kwa sababu Bakiri alikuwa amekwisha fungua mfuko wa plastiki na kutoa vazi jekundu lisilo na mikono. Alieleza, kwa haraka isiyo ya kawaida yake, kwamba wapiganaji wa kale walivaa kanzu ya kitambaa juu ya chuma ili jua lisikichome, na kwamba yeye na mkewe Mayasa waliona si vibaya Évariste naye awe nayo. Wakamvisha. Pindo la kanzu ile liliteremka mshazari kutoka paja la kulia hadi chini ya goti la kushoto, likaifuata deraya kama kivuli kinavyomfuata mtu. Kosa lote likatoweka chini ya wekundu. Bakiri akasema kwamba pindo la mshazari lilikuwa mtindo wa wakati ule.

Hapo sifa zikaanza kumiminika. Ignace alisema kazi ni kubwa, kubwa sana, Mama Zubeda apewe pongezi zake. Évariste alizunguka ua kwa hatua za harusi. Gaëlle peke yake alikuwa akitafuta kitu chini ya meza, kitu ambacho hakikuwa kimedondoka.

Zubeda alisimama, akamwendea Évariste, akainua pindo la kanzu kwa vidole viwili kama anavyoinua kitambaa mbele ya mteja. Pindo lilikuwa limekunjwa, limeshonwa mara mbili na kupigwa pasi. Nguo ya mshazari kama ile haikatwi kwa kubahatisha. Anayeikata lazima awe na urefu wa kulia na urefu wa kushoto, na tofauti yake.

"Shemeji," alimwambia Bakiri, "kanzu hii imeshonwa lini?"

"Juzijuzi tu, shemeji."

"Na vipimo mlivitoa wapi? Nusu yangu imefika hapa leo asubuhi. Umeibeba wewe mwenyewe."

Bakiri alimtazama Ignace. Ignace aliitazama nyundo yake. Basi la mashabiki wa mpira lilipita likipiga honi kuelekea Ellis Park, na wote wakalisikiliza mpaka likaishia mbali, kana kwamba lilikuwa na jambo la maana.

"Nilipima miye, yaya," alisema Gaëlle, ambaye kwao Lubumbashi dada mkubwa huitwa yaya.

Akaeleza, macho yakiwa kwenye koleo lake. Siku alipokwenda Joubert Park na Mayasa kumpa pole, deraya ilikuwa imetundikwa mlangoni, imefika nusu. Zubeda alipoingia jikoni kuchemsha chai, yeye aliishika, akaona mistari ya pete inasimama wima badala ya kulala, akajua itakavyofanya ikivaliwa. Aliipima kwa shibiri kabla ya vikombe kufika. Jioni aliwaambia Ignace na Bakiri, na Bakiri, kwa mamlaka ya kiti chake, akaamua kwamba mwenye msiba hasahihishwi. Wangetafuta njia ya kulisitiri jambo lile. Njia ikawa kanzu.

"Ulikuwa na kilio, yaya," alimalizia. "Mtu anaanzia wapi kumwambia mwenye kilio kwamba amesuka vibaya?"

Zubeda aliikumbuka siku ile vizuri kuliko Gaëlle alivyodhani. Alikumbuka sinia ya chai, na Gaëlle amesimama mlangoni na pindo la pete mkononi, akisema kazi ni safi, yaya, safi sana. Neno lile alilichukua akalihifadhi. Wageni wengine walimpa pole. Huyu, mwenye kuujua ufundi wenyewe, alimpa alama. Kwa majuma yaliyofuata, kila mkono ulipochoka, alilitoa neno lile akalitazama kisha akaendelea. Pete zote zilizofungwa tangu siku ile zilifungwa juu ya sifa ile, na sifa yenyewe haikuwa na kitu chini yake.

Bakiri alijitetea kwa upole. Aliuliza ni wapi, Tanga au Dar es Salaam au kokote walikokulia watu wenye adabu, mgeni huingia nyumba ya msiba na kuanza kukosoa. Swali lilikuwa la haki. Zubeda alijichunguza akaona kwamba yeye mwenyewe, angekuwa mahali pa Gaëlle, angesema safi sana, tena angeongeza mashallah. Ndiyo maana hakuweza hata kukasirika ipasavyo. Hasira ilikuja ikakuta viti vyote vimekaliwa na watu wema.

"Nionyesheni," alisema.

Ignace alikwenda ndani ya karakana, akarudi na kipande cha deraya kikubwa kama leso, kazi ya kwanza ya Muhammad, ya kujifunzia. Alikishika kwa ncha mbili, mistari yake ikiwa imelala. Kipande kilijikusanya, pete zikakaribiana, na alipokizungushia mkono wake kilimshika kama kinavyoshika kitu hai. Kisha akakigeuza, mistari ikasimama. Kipande kilekile kilirefuka, kikawa na matundu, na alipokizungushia mkono hakikujua mkono ni nini.

"Pete hazina kosa," alisema Ignace. "Zako ziko nzuri kuliko za sisi wote. Iko namna ya kutundika tu."

Zubeda alikichukua kipande kile akakigeuza mwenyewe, akalaza, akasimamisha, akalaza tena. Alimwona bibi yake kwenye kizingiti, ukili mrefu ukiteremka kutoka mapajani mwake, na sauti yake ikimwambia kwamba mkono usiharakishe. Hakuna uongo katika yale aliyofundishwa. Lakini mkeka hulala. Uulaze kichwa mashariki au kichwa magharibi, mkeka hauna habari, kwa kuwa hakuna siku mkeka unatakiwa kupumua. Yeye alikuwa amemsukia mtu mkeka wa kuvaa.

Lilibaki swali moja, aliloliogopa kuliko yote.

"Na mkanda wa Muhammad? Naye aliutundika vibaya?"

"Hapana," alisema Ignace. "Ule ulikuwa wa kuzunguka kifua. Alinionyesha hapahapa. Mkanda ukiwa peke yake hauna makosa, mama. Unangoja kutundikwa."

Basi kosa lilikuwa lake peke yake. Lilimuuma, na ndani ya maumivu hayo mlikuwa na kitu kingine, kigumu, cha kushikika. Tangu msiba watu walimpa vitu vya kila namna: vyakula, dua, ubani, maneno. Hili ndilo jambo la kwanza lililokuwa na kipimo chake kamili, na hakuna mwingine ambaye lingemkaa.

Ignace alikuwa amekwisha anza kuhesabu njia za kuokoa maonyesho. Wakaguzi wa maonyesho, alisema, hutazama kama pete zimefungwa, na za Mama Zubeda zimefungwa barabara. Hakuna mkaguzi anayeinua kanzu ya mtu. Usafiri umepangwa, Évariste amebadilishana zamu na mwenzake kwa ugumu mkubwa, na kazi ya miaka haiwezi kubaki mfukoni kwa sababu ya upande mmoja. Bakiri aliunga mkono. Alisema Muhammad angependa ionekane.

Évariste, aliyekuwa bado amebeba chuma chote kile na jasho likimtiririka chini ya koti la pamba, aliinua mkono kama mtu anayeomba ruhusa darasani.

"Mimi nitaivaa, mama, usiwe na wasiwasi. Nimezoea. Fulana wanayonipa kazini ya kuzuia risasi, bamba la nyuma lilitoka zamani. Mbele mmebaki kitu kama kadibodi. Bosi anajua, mimi najua. Ninaivaa ili watu wanaopita waone kwamba mlinzi amevaa. Hata hii, nitaivaa vilevile. Sharp, haina shida."

Aliyasema hayo kwa tabasamu, kwa nia ya kumtua mzigo, na hakuelewa kwa nini wenzake waliacha kuitazama deraya wakamtazama yeye. Ignace aliufuta mdomo kwa kiganja. Walikuwa wamekaa naye Jumamosi zote hizo, wamempima kifua na mabega na mzunguko wa shingo, na hakuna aliyewahi kumuuliza juu ya vazi alilovaa siku nyingine zote za juma.

Zubeda aliitazama kanzu nyekundu. Ilikuwa imeshonwa vizuri. Mayasa alikuwa na mshono wa kunyooka, na upendo uliomo mle haukuwa na shaka. Ungeweza kuuhesabu tundu kwa tundu. Hata hivyo chini yake pete ziliachana, na mtu aliye ndani alikuwa akikabwa kila alipovuta pumzi, akitabasamu. Wapo wanaovalishwa ili wakingwe, na wapo wanaovalishwa ili waonekane wamekingwa. Yeye mwenyewe alikuwa amevalishwa hivyo kwa muda wote wa eda, na wema wa waliomvalisha ndio uliomzuia kuhisi baridi.

Na mkanda wa Muhammad ulikuwa mle ndani, umesimama wima penye bega, umebebeshwa kazi ambayo hakuusukia.

"Inama, mwanangu," alimwambia Évariste. "Uvue."

Walimvua kanzu kwanza, kisha deraya, ikaanguka mezani kwa kishindo cha mvua ya mawe juu ya bati. Zubeda aliinyoosha kwa viganja, akakitafuta kile kiungo ambacho yeye na Gaëlle walikuwa wamekifunga asubuhi ile, akaishika pete ya kwanza shingoni kwa koleo mbili. Pete iliyofungwa vizuri haifunguki kwa kubembelezwa. Aliikaza mikono, ikafunguka, akaidondosha ndani ya kopo la biskuti. Ikalia peke yake humo ndani. Kisha akaziweka koleo chini, sambamba, akamgeukia Bakiri.

"Mwenyekiti, naomba nafasi."

Bakiri, ambaye hata katika aibu hakuacha utaratibu, aliketi wima akampa nafasi.

Zubeda alisema kwamba deraya haitakwenda kwenye maonyesho mwaka huu. Évariste atakwenda na dirii ya Ignace na koti la pamba, na atakayeuliza kuhusu deraya ajibiwe kwamba bado inasukwa, kwa sababu huo ndio ukweli. Nusu yake ataifumua mwenyewe, hapa uani, Jumamosi baada ya Jumamosi, wala hataibeba tena kuipeleka Joubert Park akaisuke mbele ya mlango uliofungwa. Mkanda wa Muhammad hautafumuliwa. Utalazwa kuzunguka kifua kama alivyokusudia, naye ataanza chini yake, mstari chini ya mstari. Tena, kabla ya kurudi kwenye pete, kikundi kitatoa Jumamosi nzima kuitazama ile fulana ya Évariste ya kazini, maana fundi wa bamba yupo na mtu wa kuvaa yupo. Isipotengenezeka, wote watajua cha kumwambia yule bosi, na mwenyekiti ndiye atakayemwambia.

Évariste alifungua mdomo kupinga, Ignace akamkanyaga mguu.

"Gaëlle utakaa ubavuni mwangu," aliendelea Zubeda. "Nikikosea utasema palepale, pete ikiwa bado mkononi. Eda imekwisha. Asiyeweza kuniambia kosa langu, asiniambie sifa."

"Na ukininunia, yaya?"

"Nitanuna huku nikifumua."

Gaëlle alicheka kwa mara ya kwanza siku ile, cheko fupi lililomtoka pamoja na machozi, akavuta kiti chake kutoka upande wa pili wa meza akakileta kando ya Zubeda. Bakiri alingoja watulie. Aliuliza kama kuna lingine.

"Lipo. Jina la Muhammad usiliruke, shemeji. Lisome mahali pake, na atakayeitikia aseme hayupo."

Bakiri aliinamisha kichwa kukubali. Alikuwa ameiokota ile kanzu nyekundu akaikunja mara nne, na sasa aliishika kifuani kama mgeni aliyeleta zawadi nyumba isiyo yake, akauliza kwa sauti ndogo kama basi aitupe.

"Usiitupe," alisema Zubeda. "Kitambaa ni kizuri, nakijua, kimetoka dukani kwangu. Mwambie Mayasa afumue pindo, apunguze upande wa kushoto mpaka ulingane na wa kulia. Mwakani tutamvalisha Évariste juu ya deraya."